Kuacha sigara na vepu kwa msaada wa simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Majibu haya ni ya anayevuta sigara au vepu (sigara ya kielektroniki) na amesikia kwamba simu inaweza kumsaidia kuacha, ya ndugu anayetaka kumsindikiza, na ya mwanafunzi au mhudumu wa afya wa Dodoma anayefikiria kufanya utafiti wa programu ya namna hiyo. Maswali ya mvutaji yametangulia, ya mtafiti yamefuata.

Programu ya kidijitali ya kuacha sigara ni kitu gani hasa?

Ni msaada wa kuacha unaokufikia kupitia simu au kompyuta badala ya kukaa na mshauri ana kwa ana. Ya kawaida kabisa ni ya ujumbe mfupi, yaani SMS. Unajiandikisha, unachagua siku ya kuacha, kisha unapokea ujumbe kwa mpangilio: wa kukuandaa kabla ya siku hiyo, mwingi zaidi katika wiki za mwanzo, halafu unapungua taratibu. Nzuri zaidi huwa na neno la dharura. Hamu ikikubana unatuma neno hilo na unajibiwa papo hapo. Ziko pia za kupakua kwenye simu janja, za tovuti, na za roboti ya mazungumzo inayokujibu kama mtu.

Tanzania si mgeni wa huduma za afya kwa SMS. Huduma ya Wazazi Nipendeni ilianza 2012: mama mjamzito alikuwa anatuma neno MTOTO kwenda 15001 na kupokea ujumbe bure kufuatana na umri wa mimba yake. Njia ni ileile. Kinachobadilika ni maneno na ratiba.

Inafanya kazi kweli, au ni maneno ya simu tu?

Inafanya kazi kwa kiasi, na kiasi hicho kimepimwa. Utafiti unaotajwa zaidi ni txt2stop wa Uingereza, uliochapishwa 2011. Watu 5,800 waliokuwa tayari kujaribu kuacha waligawanywa kwa nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata ujumbe wa kuwasaidia kuacha: 5 kwa siku katika wiki 5 za kwanza, kisha 3 kwa wiki kwa wiki 26. Kundi la pili lilipata ujumbe wa kushukuru kwa kushiriki tu, kila baada ya wiki 2. Baada ya miezi 6, wakahesabiwa walioacha na kuthibitishwa kwa kipimo. Waliopata msaada walikuwa asilimia 10.7, wasioupata asilimia 4.9.

Chukua watu 100 wa pale stendi waliodhamiria kuacha. Bila msaada, 5 hivi watakuwa wameacha baada ya nusu mwaka. Wakiwa na ujumbe mzuri, 11 hivi. Wanaobaki, karibu 90, watakuwa bado wanavuta, na anayekuuzia programu bila kukwambia hilo hakutakii mema. Hata hivyo watu 6 wa ziada katika kila 100, kwa kitu kinachogharimu bei ya SMS, ni jambo kubwa sana kwa afya ya jamii.

Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti nyingi za aina hii na kukuta kwamba ujumbe unaojiendesha wenyewe huongeza nafasi ya kuacha kwa kama mara moja na nusu ukilinganisha na msaada mdogo. Julai 2024 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, liliziweka njia za kidijitali kati ya zile zinazopendekezwa, pamoja na ushauri na dawa.

Mbona SMS inasifiwa kuliko programu za kupakua?

Kwa sababu ushahidi wake ni mwingi na ni wa muda mrefu. Katika mapitio yale ya 2019, tafiti za programu za kupakua zilikuwa 5 tu, na kwa pamoja hazikuonyesha kwamba zinawashinda waliopata msaada mdogo. Baadaye, mwaka 2020, ulitoka utafiti wa Marekani wa watu 2,415 uliolinganisha programu mbili za kupakua. Ile iliyoitwa iCanQuit iliwaacha asilimia 28.2 wakisema hawajavuta kwa siku 30, mwaka mmoja baada ya kujiunga, dhidi ya asilimia 21.1 wa programu nyingine. Tofauti yake ni somo zuri: badala ya kumwambia mtu apigane na hamu, inamfundisha kuikubali ije, aiangalie, aiache ipite. Kwa hiyo za kupakua zinaweza kusaidia, ila si kila iliyoko dukani. Nyingi hazijawahi kujaribiwa popote.

Kwa Dodoma kuna sababu ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Programu ya kupakua inataka simu janja, nafasi kwenye simu, bando na chaji. Dereva wa bodaboda wa Nkuhungu anaweza kuwa navyo vyote. Mkulima wa Chemba au mchungaji wa Bahi mwenye kitochi hanavyo, na SMS inamfikia hata akipata mtandao mara moja jioni.

Mimi sivuti sigara, natumia vepu. Zinanihusu?

Zinakuhusu. Utafiti wa vepu ni mchanga, ila matokeo yaliyopo yanatia moyo. Programu ya SMS ya Marekani iitwayo This is Quitting ilijaribiwa kwa vijana 2,588 wa miaka 18 hadi 24. Baada ya miezi 7, asilimia 24.1 ya walioipata walisema hawajagusa vepu kwa siku 30, dhidi ya asilimia 18.6 ya wasioipata. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya vijana 1,503 wa miaka 13 hadi 17: asilimia 37.8 dhidi ya 28.0. Mapitio ya Cochrane ya 2025 yaliona kwamba SMS huenda zinasaidia vijana kuacha vepu, lakini yakaonya kwamba tafiti bado ni chache.

Ugumu wa vepu ni kwamba haina mwisho. Sigara ikiisha unaona kipisi na unajua umevuta ngapi. Vepu unavuta pafu mbili ukiwa kitandani, tatu bafuni, moja darasani, na siku inaisha bila hesabu. Kabla ya siku ya kuacha, tumia siku 3 kuandika kila unapoitoa mfukoni: saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani. Andika pia kiwango cha nikotini kilichochapwa kwenye boksi. Chombo chenye miligramu 50 kwa mililita ni kitu kingine kabisa ukilinganisha na chenye miligramu 6, hata kama ladha ni ileile ya embe. Na usihamie sigara ili uache vepu.

Natumia ugoro, sivuti. Je?

Nikotini ni ileile, na uraibu ni uleule. Programu nyingi ziliandikwa kwa ajili ya wavutaji, kwa hiyo ujumbe wa "pumua hewa safi" hautakugusa. Unayoweza kuchukua ni siku ya kuacha, mbinu za hamu na neno la dharura. Kwa Ugogoni, ambako ugoro hupeanwa kama heshima kwa wazee, andaa mapema maneno ya kukataa bila kumvunjia mzee heshima. "Babu, daktari amenikataza" hufika mbali kuliko maelezo marefu.

Siku za kwanza zikoje? Arosto, yaani mwili kudai nikotini, ikinibana nifanye nini?

Siku ya 2 na ya 3 ndizo mbaya zaidi kwa wengi. Utakuwa na hasira za karibu, usingizi wa vipande, njaa, kichwa kutotulia. Kwa kawaida hali hiyo hulegea ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu yenyewe haikai: inapanda, inafika kileleni, inashuka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kazi yako si kushinda siku nzima, ni kuvuka dakika 5.

Tuma neno la dharura la programu yako, kisha ondoka hapo ulipo kabla jibu halijafika. Kuondoka ni nusu ya dawa. Kama ni kijiweni, nenda kaangalie tairi la pikipiki. Kama ni nyumbani, kunywa maji taratibu, au tafuna karanga au ubuyu, mdomo uwe na kazi. Wiki mbili za mwanzo punguza pombe, maana pombe na sigara vimezoea kutembea pamoja, na jamaa wa mezani atakupa moja bila hata kuombwa.

Hapa sigara huuzwa moja moja kwa Mangi, na hilo linabadilisha mbinu. Mwenye pakiti anaweza kuitupa siku ya kuacha. Anayenunua moja moja hana cha kutupa. Pakiti yake iko dukani, hatua 20 kutoka mlangoni. Mwambie muuzaji kabla: "Kuanzia Jumatatu usiniuzie." Badilisha na njia ya kurudia nyumbani kwa wiki ya kwanza. Kiberiti nacho kitoke mfukoni.

Jambo moja huwashangaza wengi: kahawa. Moshi wa sigara hufanya ini liunguze kafeini haraka. Ukiacha, vikombe vilevile vya kahawa ya kijiweni vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unadunda, mikono inatetemeka, na unadhani ni arosto. Punguza kahawa nusu kuanzia siku ya kuacha.

Naweza kuchanganya programu ya simu na dawa?

Ndiyo, na kwa anayevuta sana ndiyo njia bora. Kipimo rahisi cha uraibu ni muda kati ya kuamka na sigara ya kwanza. Anayewasha ndani ya dakika 30 ana uraibu mkubwa. Ndani ya dakika 5, mkubwa zaidi.

Bazoka ya nikotini ya miligramu 4 ni ya huyo wa ndani ya dakika 30. Wengine hutumia ya miligramu 2. Haitafunwi kama bazoka ya kawaida. Tafuna taratibu mpaka usikie ukali kama wa pilipili manga, iweke kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha tafuna tena, na endelea hivyo kwa kama dakika 30. Usinywe soda wala kahawa dakika 15 kabla. Anayeitafuna mfululizo anameza nikotini, anapata kwikwi na tumbo kuuma, kisha anasema dawa haifai. Plasta ya nikotini, inayobandikwa kwenye ngozi, kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Varenicline na bupropion ni dawa za kuandikiwa na daktari. Si kila duka la dawa huweka vitu hivi, kwa hiyo viulizie kabla hujapanga siku ya kuacha.

Na hili tafadhali lisipite: kama unatumia clozapine au olanzapine, dawa zinazotumika kwa magonjwa ya akili, mwambie daktari wako kabla ya kuacha. Kama ilivyo kwa kafeini, moshi huharakisha ini kuziondoa mwilini. Ukiacha, kiwango cha dawa kwenye damu kinapanda ilhali vidonge havijabadilika. Kinachofanya hivyo ni moshi, si nikotini, hivyo plasta au bazoka haizuii. Unaweza kuacha salama, ila dozi ipimwe upya. Kwa mgonjwa wa kliniki ya Mirembe au ya hospitali nyingine yoyote, ni mazungumzo ya dakika 10 yanayozuia hatari kubwa.

Kama una mimba au ugonjwa wa moyo, anzia kituo cha afya kilicho karibu, au piga namba ya bure 199 ya Wizara ya Afya.

Nikijiunga na utafiti, nitafanyiwa nini?

Utaelezwa utafiti ni wa nini, utaulizwa kama unakubali, na utasaini au kuweka dole gumba. Utajibu maswali ya dakika 15 hadi 20: unavuta ngapi, tangu lini, umewahi kujaribu kuacha. Kisha kompyuta itakupanga kundi kwa nasibu, kama kurusha shilingi. Huchagui, na mtafiti pia hachagui.

Hapo ndipo wengi hulalamika: "Nimekuja kusaidiwa, nimewekwa kundi la kusubiri." Malalamiko hayo ni ya haki. Utafiti mzuri humpa kila mmoja angalau ushauri mfupi na kijitabu, na mwisho humfungulia programu yule aliyekuwa kundi la ulinganisho. Uliza hayo mawili kabla ya kusaini. Bila kundi la ulinganisho hatuwezi kujua kama walioacha ni kwa sababu ya ujumbe au wangeacha wenyewe.

Utatafutwa tena baada ya mwezi 1, miezi 3 na miezi 6, au kwa ratiba inayofanana na hiyo. Una haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na huduma zako za hospitali hazitaguswa.

Kwa nini wananipima pumzi au mate? Hawaniamini?

Wanakuamini, ila namba za utafiti zinahitaji shahidi. New Zealand, katika utafiti wa SMS wa watu 1,705 uliochapishwa 2005, wiki ya 6 walioacha walikuwa asilimia 28 ya waliopata msaada dhidi ya 13 ya wasioupata. Ilipofika wiki ya 26 picha ikachafuka. Kundi la ulinganisho lilikuwa limeahidiwa mwezi wa SMS za bure wakati huohuo, na watafiti wakashuku kwamba baadhi walisema wameacha wakidhani ndilo sharti la zawadi. Neno la mdomo lilikuwa haliwezi tena kuamua.

Kipimo cha pumzi hupima kaboni monoksaidi. Unavuta pumzi, unaishikilia sekunde 15, unapuliza polepole mpaka mwisho. Kinaonyesha uvutaji wa karibu siku moja iliyopita, si zaidi. Kwa hapa kina kasoro ambayo vitabu vya Ulaya haviisemi kwa sauti: mkaa. Mama anayechoma mahindi au kukaanga chipsi kwenye jiko la mkaa tangu asubuhi, kipimo chake kinaweza kusoma juu ingawa hajawahi kuvuta. Muulize kila mtu kuhusu jiko kabla hajapuliza, mpime mbali na moshi, na ikiwezekana asubuhi kabla hajawasha. Kipimo hiki pia hakioni vepu wala ugoro, kwa kuwa havichomwi.

Kipimo cha mate hupima kotinini, kitu ambacho mwili hutengeneza kutokana na nikotini. Inapungua nusu kwa kama saa 16 hadi 20, hivyo inaonyesha siku kadhaa. Inakamata vepu na ugoro, ila inamkamata pia anayetumia plasta au bazoka ya nikotini, na huyo hajavunja ahadi yoyote. Ndiyo maana swali la dawa lazima litangulie kipimo.

Simu yangu inashikwa na watu nyumbani. Watajua?

Wanaweza, kama ujumbe umeandikwa ovyo. Hili ni jambo zito kwa mwanamke anayevuta kwa siri au kijana anayeishi kwa wazazi. Omba ujumbe usiotaja sigara kwenye maneno ya kwanza, yale yanayoonekana skrini ikiwa imefungwa. Chagua saa ambayo simu iko mkononi mwako, na futa ukishasoma. Mtafiti akiomba namba ya ndugu wa kukutafuta, mwelekeze amwambie ndugu huyo "utafiti wa afya" tu.

Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa za afya ni nyeti, na haziwezi kupewa mwajiri wako, wala kampuni ya simu haiwezi kuzitumia kukuuzia kitu bila ridhaa yako.

Tunataka kuandika ujumbe wa Kiswahili. Wapi watu hukosea?

Kwanza urefu. SMS moja hubeba herufi 160 pamoja na nafasi. Lakini ukiingiza alama moja isiyo kwenye orodha ya kawaida ya simu, kama emoji, kikomo kinashuka hadi 70. Kiswahili kina mtego wake hapa: alama ya ng'. Ukiandika Chang'ombe kwenye programu ya kuandikia ya kompyuta, alama hiyo hujipinda yenyewe kama koma ya juu. Iliyopinda haimo kwenye orodha, iliyonyooka imo. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unageuka kuwa tatu. Zidisha kwa watu 400 na ujumbe 150 kila mmoja uone bajeti ilikokwenda. Andika kwenye faili la maandishi matupu, na hesabu kabla ya kupakia. Huu hapa haufiki herufi 120:

"Umeamka? Kabla ya kahawa, kunywa maji glasi moja na utoke nje dakika 5. Hamu ya sigara ya kwanza ikikubana, tuma HAMU."

Pili ni saa. Mshiriki akisema anataka ujumbe "saa mbili", karani akaandika 02:00, simu italia usiku wa manane na mtu atajitoa asubuhi yake. Muulize "saa mbili asubuhi au usiku?" na andika 08:00 au 20:00. Kisha angalia kompyuta inayotuma ujumbe iko kwenye saa ya wapi. Nyingi zimewekwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3: ujumbe uliopangwa 07:00 utafika saa nne asubuhi, sigara ya kwanza imeshavutwa zamani.

Tatu ni maneno ya amri. Neno ACHA linavutia, lakini lina maana mbili: "nataka kuacha sigara" na "acheni kunitumia ujumbe". Ukilifanya la kujitoa, utawapoteza wenye ari kuliko wote. Tumia JITOE kwa kujitoa, HAMU kwa dharura, na NIMEVUTA kwa aliyeteleza. Mfumo ukubali pia herufi ndogo, nafasi mwishoni na makosa ya kawaida kama "nimevta". Kujiandikisha kuwe kwa kubipu. India ilianza hivyo mwaka 2016 na inamwezesha hata asiye na salio.

Nne ni maswali ya dodoso. Kwa wengi mtaani "kuvuta" bila kutaja kitu kunaweza kueleweka kama bangi, na mtu atakanusha. "Unavuta pakiti ngapi?" haina jibu kwa anayenunua moja moja. Na "umevuta sigara?" humruhusu wa kiko na wa tumbaku ya kusokota kusema hapana kwa ukweli kabisa. Uliza: "Ndani ya siku 7 zilizopita umevuta tumbaku ya aina yoyote, hata pafu moja?" Kisha ugoro na vepu kila kimoja kwa swali lake. Kila ujumbe usomwe kwa sauti mbele ya wavutaji 8 hadi 10 wa Majengo, Kongwa na chuoni kabla haujatumwa kwa yeyote.

Tunahitaji washiriki wangapi?

Wengi kuliko mnavyofikiri. Kama mnategemea asilimia 5 waache bila msaada na 10 kwa msaada, kwa nguvu ya utafiti ya asilimia 80, yaani nafasi ya kuiona tofauti hiyo kama ipo kweli, mnahitaji kama watu 435 kila kundi. Utafiti wa watu 60 unaweza kuwaambia kama ujumbe unapokelewa na kueleweka, na hiyo ni kazi ya heshima. Hauwezi kuwaambia kama watu wanaacha. Hesabuni vikwazo vya kweli pia: kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa watu wazima wa 2018, watumiaji wa tumbaku Tanzania walikuwa asilimia 8.7, wanaume 14.6 na wanawake 3.2. Kuwapata wanawake wa kutosha kutachukua muda mrefu, kupangwe hivyo tangu mwanzo.

Wasiopatikana mwishoni tuwahesabuje?

Kama wavutaji. Tuseme mmeandikisha 200, miezi 6 baadaye mmewapata 110, na 33 hawavuti. Ukigawa kwa 110 unapata asilimia 30, namba ya kupendeza. Ukigawa kwa 200 unapata 16.5, na hiyo ndiyo ya kuripoti. Aliyerudia sigara ndiye anayekwepa simu yenu.

Punguzeni hasara tangu siku ya kwanza. Watu wana laini mbili tatu na hubadilisha kufuata bando; chukueni zote, na namba ya ndugu mmoja kwa ruhusa. Pigeni jioni na Jumapili alasiri. Toeni vocha kwa kujibu dodoso, iwe amevuta au hajavuta, na mseme hivyo wazi kabla ya swali la kwanza. Mkiandikisha mtandaoni kwa zawadi, mtu mmoja atajiandikisha mara tano kwa laini tano. Mwito wa simu wa dakika 2 kabla ya kupanga kundi huwachuja wengi.

Vibali je?

Andiko lipite kamati ya maadili ya chuo au ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kabla ya kumwandikisha mtu wa kwanza, kisha barua ya mkoa na wilaya. Kwa wa chini ya miaka 18, ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe vyote vinahitajika. Kumbukeni kwamba sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kuwauzia watoto sigara, hivyo kijana anaweza kuogopa kwamba kukiri ni kujishitaki. Mwambieni mapema nani ataona jibu lake.

Niliacha siku 12, jana nimevuta moja. Nianze upya?

Hapana, endelea ulipo. Kanuni inayotumiwa na watafiti wengi, na ndiyo iliyotumika txt2stop, humhesabu mtu kuwa ameacha hata kama amevuta hadi sigara 5 tangu siku ya kuacha. Sigara moja ni kuteleza. Kurudia ni pale unaponunua ya pili kwa sababu "nimeshaharibu".

Fanya haya leo. Tuma NIMEVUTA, au neno linalotumika kwenye programu yako, ili ratiba ya ujumbe iongezwe badala ya kupungua. Andika kwenye simu ilikuwa saa ngapi, mahali gani, nani alikupa. Mpigie aliyekupa umwambie asikupe tena. Kama ulikuwa unatumia bazoka au plasta na ulishaacha kwa sababu ulijiona umepona, rudia dozi yako. Na saa ileile kesho, uwe mahali pengine.